Mfarishi wa viraka kutoka mabaki ya vitenge: mwongozo kamili kwa anayeanza

Mfarishi ni kifuniko cha matabaka matatu: viraka juu, blanketi katikati, kanga chini. Picha za mifarishi ninazotumiwa na wasomaji zinafanana. Kwa mbali viraka vinapendeza, ukisogea unaona kona hazikutani, kingo zinapiga mawimbi na kitambaa cha chini kimejikunja. Halafu inakuja picha ya baada ya kufua: kitenge chekundu kimechuja, cheupe cha jirani yake kimekuwa cha waridi.

Wengi wanailaumu cherehani. Mara nyingi cherehani haina kosa. Mfarishi huharibika kabla ya mshono wa kwanza, kwenye kuchagua, kufua, kupima na kukata. Ukisalimika hapo, unaharibikia kwenye pasi. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye kazi hizo ambazo kila mtu anataka kuziruka.

Tutashona mmoja tu, wa takribani sentimita 90 kwa 120. Ni wa kutosha kitanda kidogo cha mtoto, au kujifunika miguu ukiwa kwenye kochi wakati wa baridi ya Juni na Julai. Ni miraba mitupu, hakuna pembetatu. Ukingo wa pembetatu hukatwa mshazari, na kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika hata kwa kukishika tu. Zisubiri mfarishi wa pili.

## Andaa vifaa kwanza

Mabaki ya vitambaa vya pamba yatakayotoa miraba 108 ya sentimita 12 kwa 12. Ukijumlisha ni kama mita moja na nusu ya mraba, lakini mabaki yana mapengo na mikunjo ya shingo na mikono, kwa hiyo kusanya mara mbili ya hapo. Fundi yeyote wa vitenge ana fuko la mabaki chini ya meza yake. Mwombe mapema, kabla hajafagia jioni. Na akikuambia ulipie kidogo, lipa. Hata yeye uzi ananunua.

Kanga moja ya kuwa mgongo wa mfarishi. Kanga ina takribani sentimita 150 kwa 110, na ukubwa huo unatuingia kwenye hesabu bila kuunga. Mgongo wa kuunga vipande viwili unaleta mshono mnene katikati, jambo ambalo anayeanza halihitaji.

Blanketi kuukuu jembamba la kuweka katikati, lisilopungua sentimita 100 kwa 130. Lile jepesi la mtumba linafaa sana. Usichukue jeusi wala jekundu la kukolea, kwa sababu rangi yake itaonekana kupitia viraka vyeupe. Sufi iache kwenye mito: ndani ya mfarishi inakimbilia pembeni na kufanya mabonge ukishafua.

Vingine: mkasi unaokata kitambaa tu (ukikata karatasi unakufa makali), futi ya fundi, rula ndefu, chaki au kipande cha sabuni kikavu, pini za kawaida, pini za kufunga zile za nepi kama 100, pasi, sindano mpya ya cherehani namba 14, uzi imara wa rangi ya kijivu au maziwa, na tepu ya karatasi.

Uzi ujaribu dukani: shika urefu wa kiganja, vuta kwa ghafla. Ukikatika kirahisi, urudishe. Rangi ya kijivu nimeitaja kwa sababu inajificha kwenye vitenge vya kila aina, na hutahangaika kubadilisha.

Futi ya fundi ina inchi upande mmoja na sentimita upande mwingine. Chagua upande mmoja, usihame hadi mwisho. Nimeona watu wanapima mraba kwa inchi na mshono kwa sentimita, halafu wanashangaa.

## Hatua ya 1: Chambua mabaki

Mwaga yote sakafuni, gawa mafungu matatu: pamba, mchanganyiko, na usiyoyajua.

Kwa nini? Pamba na poliesta hazirudi sawa zikifuliwa, wala hazivumilii pasi moja. Kiraka cha satini kikiwa kati ya vitenge viwili vya pamba kitajikunja kila siku, na pasi ya pamba itakiyeyusha. Vitambaa vya sare za shule kwa kawaida vina poliesta ndani yake. Leisi na vitambaa vya mtandio viache kabisa.

Kwa fungu usilolijua, chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa kibanio juu ya beseni lenye maji, washa kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata vyote viwili, ni mchanganyiko. Vitenge vingi vya bei rahisi siku hizi ni poliesta vikiwa na michoro ileile ya vile vya pamba, kwa hiyo usiamini macho.

Tahadhari: jaribio hili lifanyie mbali na lile lundo la mabaki, na usishike nyuzi za poliesta kwa vidole. Ule uji unaoyeyuka unaganda kwenye ngozi.

Umefanikiwa ikiwa: fungu la pamba lina vitambaa vya unene unaokaribiana. Jinzi na kanga haviketi pamoja kwenye mfarishi mmoja, hata kama vyote ni pamba.

## Hatua ya 2: Fua kila kitu, kanga na blanketi pia

Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani na bado hakijarudi. Ukikishona kibichi na kipande cha gauni lililofuliwa mwaka mzima, siku ya kwanza ya kufua kimoja kitavuta na kingine kitabaki.

Vipande vidogo vitie kwenye chandarua kikuukuu au foronya iliyofungwa mdomo, visije vikatoka nyuzi na kuviringana. Fua rangi nyekundu, buluu ya kukolea na nyeusi peke yake.

Jaribu kuchuja hivi: chukua kipande kilicholowa, kiweke juu ya kitambaa cheupe, kandamiza kwa pasi ya moto. Kikiacha doa, rudia kufua. Kikiendelea kuacha doa baada ya kufuliwa mara kadhaa, kitoe kwenye kazi hii. Najua utaambiwa utie chumvi au siki. Kwenye kitenge ambacho tayari kimetiwa rangi kiwandani, havishikizi rangi iliyolegea. Kinachosaidia ni kuifua itoke yote, au kukiacha kipande hicho.

Anika kivulini, piga pasi vikiwa bado na unyevu kidogo. Mkunjo ukibaki, mraba utakaokata hapo utakuwa mkubwa kuliko wenzake mkunjo ukija kufunguka.

Umefanikiwa ikiwa: maji ya mwisho ya kusuuza ni meupe, na vipande vimelala bapa mezani bila kuvishika.

## Hatua ya 3: Tengeneza kiolezo kisicholika

Kiolezo ni mraba wa sentimita 12 kwa 12 utakaouzungushia chaki. Ukikitengeneza kwa boksi, baada ya kuzungusha mara 40 kona zimelika, na mraba wa mwisho hauko sawa na wa kwanza. Tumia plastiki ngumu, kwa mfano upande ulio bapa wa dumu au mfuniko wa ndoo.

Pima pande zote nne, kisha pima kutoka kona hadi kona, mara mbili. Vipimo hivyo viwili vya mshazari lazima vilingane, vyote vikae karibu na sentimita 17. Pande nne zikiwa sawa lakini mshazari unatofautiana, ulichonacho kimeinama, si mraba.

Bandika kipande cha msasa chini yake, upande wenye mchanga ukitazama kitambaa. Hakitateleza tena wakati unachora.

Kwa nini 12 wakati tunataka 10? Kila upande unaliwa sentimita 1 na mshono. Nafasi hiyo ya mshono ndiyo itakayoamua kona zako zikutane au zisikutane.

## Hatua ya 4: Kata kwa kufuata uzi

Kitambaa kina nyuzi za urefu na za upana. Kivute kwa urefu: hakiendi. Kwa upana: kinaenda kidogo. Kwa mshazari: kinanyumbuka. Upande mmoja wa kiolezo lazima ulale sambamba na nyuzi. Kwenye kipande cha fundi kisicho na ukingo ulionyooka, chomoa uzi mmoja taratibu. Pengo unaloacha ndilo mstari wako.

Hapa ndipo mawimbi ya pembeni yanapoanzia. Mabaki mengi yana umbo la kwapa au shingo, na mtu anaweka kiolezo popote kinapoenea ili asipoteze kitambaa. Mraba unatoka na kipimo sahihi mezani, kisha unavutika chini ya mguu wa cherehani.

Chora upande wa nyuma, kata ndani ya mstari wa chaki. Ukikata kwa nje, umeongeza unene wa chaki kila upande. Usikunje kitambaa mara nne ukate kwa pamoja. Mkasi unasukuma matabaka ya chini. Mara mbili inatosha.

Ule ukingo wa kiwandani wenye maandishi ukate utupe. Umesukwa kwa kubanwa zaidi kuliko kitambaa chenyewe, na unarudi tofauti.

Umefanikiwa ikiwa: ukipanga miraba 10 juu ya mwenzake na kuigonga mezani kama karata, hakuna unaotokeza.

## Hatua ya 5: Panga sakafuni kabla ya kushona

Miraba tisa kwa upana, kumi na miwili kwa urefu.

Vitenge vina michoro mikubwa yenye kelele. Ukivijaza vyote, jicho halipati pa kupumzikia na kazi yako yote ya kulinganisha kona haionekani. Mimi huweka kitambaa cha rangi moja angalau mraba mmoja kati ya mitatu: marekani, popelini, hata shuka la kuukuu la pamba ambalo bado lina nguvu.

Panga, panda juu ya kiti, piga picha kwa simu. Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utaona mara moja mahali giza lilipolundikana. Rangi zinadanganya, kijivu hakidanganyi. Badilisha, piga tena.

Ukiridhika, kusanya kila mstari kuanzia kushoto kwenda kulia, ubane kwa pini na kikaratasi chenye namba, 1 hadi 12. Fanya hivyo palepale, kabla mtoto au kuku hajapita.

## Hatua ya 6: Jaribu mshono wa sentimita moja

Watu wanairuka hatua hii, na ndiyo inayowaumbua.

Tuseme unadhani unashona sentimita 1, kumbe ni 1.2. Kila mshono unakula milimita 4 zaidi, mbili kila upande. Mstari wa miraba tisa una mishono minane, kwa hiyo umepoteza zaidi ya sentimita 3. Kama ungekosea hivyo kila mahali, isingekuwa neno, mfarishi ungetoka mdogo tu. Tatizo ni kwamba mstari mmoja unakosea, wa pili hukosei, na ukija kuiunganisha haikutani.

Shusha sindano kwa mkono. Pima sentimita 1 kamili kutoka kwenye sindano kwenda kulia, bandika hapo tepu ya karatasi iliyorundikwa mara nne au tano ili iwe na kingo ya kugusika. Ukingo wa kitambaa utembee ukigusa kingo hiyo. Macho yako yawe kwenye tepu, si kwenye sindano.

Sasa chukua vipande vitatu vya ziada vya sentimita 12, vishone bega kwa bega, vipige pasi. Pima cha katikati. Kinatakiwa kiwe sentimita 10. Kikiwa 9.8, sogeza tepu kidogo kushoto; kikiwa 10.2, isogeze kulia. Rudia hadi kikae.

Urefu wa mshono uwe milimita 2 hadi 2.5, sawa na mishono 10 hadi 12 kwa inchi. Anayeshona kwa mkono achore mstari wa sentimita 1 kwa penseli nyuma ya kila mraba, ashone kwa mishono midogo, na kila baada ya mitatu minne arudi nyuma mmoja.

## Hatua ya 7: Shona mistari

Laza mraba wa pili juu ya wa kwanza, uso kwa uso. Kwenye vitenge vingi vya pamba uso na mgongo havitofautiani sana, ila angalia upande uliokolea zaidi.

Usikate uzi kila ukimaliza jozi. Ingiza jozi inayofuata moja kwa moja, zitoke nyuma zimeshikana kwa uzi kidogo, kisha uzikate zote mwishoni. Unaokoa uzi, na cherehani ya kukanyaga haikwami kila unapoanza upya.

Acha cherehani ivute kitambaa yenyewe. Ukikivuta kwa nyuma unapinda sindano na kukinyoosha kitambaa.

Umefanikiwa ikiwa: kila mstari una urefu wa sentimita 92. Ipime yote 12 kabla ya kuendelea. Wenye kasoro ya nusu sentimita au zaidi, fumua mshono mmoja au miwili, usijidanganye kwamba pasi itaurekebisha.

## Hatua ya 8: Piga pasi kwa mwelekeo

Mistari ya namba witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea, laza nafasi zote za mshono upande wa kulia. Ya namba shufwa, zote kushoto.

Sababu yake utaiona ukiweka mstari wa 1 juu ya wa 2. Pale mishono inapokutana, unene mmoja umeegemea huku na mwingine kule. Vinaingiliana na kushikana vyenyewe. Ukipapasa kwa kidole gumba unasikia vimefunga. Ukivilaza vyote upande mmoja, unapata kinundu kinachosukumwa na mguu wa cherehani, na kona inahama.

Pasi inyanyue na kuishusha; usiiburuze. Kuburuza kunainamisha miraba. Wa pasi ya mkaa, ifute chini na weka kitambaa chembamba juu ya kazi, cheche moja inatosha kukurudisha hatua ya 4.

## Hatua ya 9: Unganisha mistari

Weka mstari wa 1 na wa 2 uso kwa uso. Usianzie kubana pembeni. Anza kwenye makutano ya mishono. Papasa, funga, choma pini. Ukimaliza makutano yote manane, ndipo ubane ncha.

Kama mraba mmoja ni mrefu kidogo kuliko mwenzake kati ya pini mbili, uweke huo mrefu chini. Meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini haraka zaidi, na tofauti ya milimita mbili inamezwa humo. Toa kila pini kabla sindano haijaifikia.

Unganisha wawili wawili, kisha wanne wanne, badala ya kuongeza mmoja mmoja kwenye bonge linalozidi kuwa zito.

Umefanikiwa ikiwa: uso wa mfarishi una takribani 92 kwa 122, unalala bapa sakafuni, na kona zimekutana. Kona iliyopishana kwa milimita moja iache. Iliyopishana kwa tatu, fumua sentimita 5 tu za mahali hapo na ushone upya.

## Hatua ya 10: Panga matabaka matatu

Fagia sakafu, ifute, ikauke. Tandaza kanga uso chini. Ibandike kwa tepu kona nne, kisha katikati ya kila upande. Iwe imenyooka bila kuvutwa. Ukiivuta kwa nguvu, ukitoa tepu itajirudi na kukunja kila kitu kilichoshonwa juu yake.

Tazama jina la kanga lilipo. Liko juu kidogo ya pindo la chini, kwenye upande mrefu. Mfarishi wetu tunaulaza kwa urefu wake juu ya urefu wa kanga, na jina litabaki ndani iwapo utauweka katikati sawasawa. Soma kilichoandikwa kabla hujampa mtu zawadi. Kanga ya mafumbo kwa wifi, kwenye mfarishi wa mtoto mchanga, itazua maneno.

Juu ya kanga tandaza blanketi. Lainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Juu ya blanketi, uso wa viraka, uso juu. Hakikisha kanga imetokeza pande zote si chini ya sentimita 5.

Anza kubana na pini za nepi katikati, kisha endelea kuelekea nje, moja kila baada ya upana wa kiganja. Huna pini za kutosha? Piga bandi: mishono mirefu ya mkono ya sentimita 4 au 5, kutoka katikati kwenda kila kona na kila upande, kwa uzi wa rangi tofauti ili baadaye uuone wa kuutoa. Bandi inachosha mgongo lakini inashika vizuri kuliko pini.

Tahadhari: hesabu pini unapoziweka na andika idadi. Zikitoka, zihesabu tena. Pini moja iliyosahaulika ndani ya kitu cha mtoto si mzaha.

## Hatua ya 11: Shikisha matabaka

Una njia mbili.

Kufunga mafundo. Hii ndiyo ninayompendekezea anayeanza, hata kama ana cherehani nzuri. Chukua uzi wa pamba wa kufumia vitambaa vya makochi na sindano yenye tundu kubwa. Kwenye makutano ya viraka vinne, shuka hadi chini ya kanga, panda milimita 5 pembeni, funga. Fundo la kwanza kulia juu ya kushoto, la pili kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili, linafunguka. Kata ncha zibaki sentimita 2. Makutano ni 88. Ni kazi ya redio na chai.

Kushona mistari. Ongeza urefu wa mshono hadi milimita 3 au 3.5. Shona nusu sentimita pembeni mwa kila mshono wa viraka, kwanza ule wa katikati kabisa, kisha kuelekea kulia, halafu rudi katikati na uelekee kushoto. Sehemu inayopita ndani ya mkono wa cherehani iviringishe.

Mikunjo ya kanga chini inatokea hapa, kwa sababu ileile ya meno kuvuta kitambaa cha chini kuliko cha juu. Legeza parafujo iliyo juu ya nguzo ya mguu wa cherehani ili mguu usikandamize sana, shona polepole, na geuza utazame chini kila unapomaliza mstari mmoja. Ukikuta mkunjo, ufumue sasa. Mistari minne mbele hautafumulika bila machozi.

Ukiona cherehani yako haiwezi unene huo, maliza hatua ya 10, mpelekee fundi, mwambie mistari unayoitaka. Ametoa mabaki, na hii nayo ni kazi yake.

Umefanikiwa ikiwa: unauinua mfarishi kwa kona moja na matabaka hayahami.

## Hatua ya 12: Pindo

Punguza blanketi lilingane na ukingo wa viraka. Inua kanga pembeni usije ukaikata. Kisha punguza kanga yenyewe, ikibakiza sentimita 3 zilizotokeza pande zote.

Kunja sentimita 1.5 za kanga hadi ukingo wake uguse ukingo wa viraka, piga pasi. Kunja tena, sasa ipande juu ya viraka. Bana, shona karibu kabisa na ukingo wa ndani wa pindo. Anza na pande mbili ndefu, kisha fupi, ukizikunjia kona zao ndani. Miraba ya pembeni itaonekana myembamba kwa nusu sentimita kuliko mingine, na hakuna mgeni atakayeigundua.

Rudi nyuma mishono michache mwanzo na mwisho. Toa bandi. Hesabu pini.

Kufua kwa mara ya kwanza: maji baridi, sabuni kidogo, usikamue kwa kusokota. Ukandamize maji yatoke, uuanike ukiwa umekunjwa juu ya kamba mbili ili uzito ugawanyike.

Kwa mtoto asiyetimiza mwaka, utumike kuchezea sakafuni akiwa macho, nawe umekaa karibu naye. Ushauri wa afya ya watoto ni kwamba asilale usingizi na blanketi lililo huru karibu na uso, na mfarishi ni mzito kuliko blanketi.

## Mabaki ya mabaki

Bado una vipande visivyofika sentimita 12.

Kitambaa cha kuepulia sufuria. Miraba minne ya pamba iliyoungwa, vipande viwili vya taulo kuukuu au jinzi katikati, kipande kimoja nyuma. Poliesta hapana, wala ile ya blanketi. Chungu cha moto kinaiyeyusha kwenye kiganja. Kavu tu: kitambaa kilicholowa kinapitisha joto la sufuria papo hapo.

Lastiki ya nywele. Ukanda wa sentimita 8 kwa 50, ushone kwa urefu uso ndani, ugeuze kwa pini ya nepi, pitisha lastiki ya sentimita 18, funga. Hapa satini uliyoikataa mwanzo inafaa, nywele hazikatiki kirahisi.

Mfuko wa sokoni. Miraba 32, kumi na sita kila upande, bitana ya marekani ndani, na mikanda miwili ya sentimita 55. Mikanda ishonwe ikiwa na matabaka manne, na pale inaposhikana na mfuko chora mraba wa mishono wenye msalaba ndani yake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, mfuko wa kitenge unabebeshwa viazi na mkaa, si mapambo, kwa hiyo usifanye uvivu kwenye mikanda.

Na zile nyuzi na chenga usizoweza hata kuzishika kwa pini, zisage kwa mkasi zijaze mto mdogo wa kuchomea sindano. Changanya za pamba tu.